Kipindi cha michezo cha jioni Malindi: wapigaji simu ndio utamu wake

Mimi ni fundi cherehani hapa Shela, Malindi. Jioni redio haizimwi dukani, na kipindi hiki nakipa nyota nne kati ya tano. Zote nne ni za wanaopiga simu.

Agosti 2025 Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walipotolewa na Madagaska robo fainali ya CHAN (kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani) pale Kasarani, sare 1-1 kisha penalti 4-3, laini hazikupumua. Mzee wa Mambrui alishikilia kwamba timu iliyowafunga Moroko 1-0 haikufaa kuogopa mtu. Dada mmoja wa Muyeye akamjibu, "Shikamoo baba, kwa heshima yako, lakini wale vijana walikuwa wamechoka." Wakavutana kwa adabu, yeye akitaja nani angeingizwa mapema, mzee akikataa katakata. Mtangazaji aliwaachia nafasi. Hapo ndipo alipostahili pongezi, kwa sababu wengine humkata mtu kauli kabla hajafika kwenye hoja.

Nyota ya tano imekwenda na matangazo ya kamari. Watoto wanasikiliza saa hizo, jamani! Halafu Arsenal na Man United wanakula nusu ya kipindi, Bandari ya Mombasa inatajwa mbio mbio, na mechi za vijana wetu uwanjani Alaskan hazisikiki kabisa mpaka msikilizaji apige mwenyewe atoe matokeo.

Ukipiga, punguza sauti ya redio kwanza, maana mwangwi unameza maneno yote.