Walinitoza hela ya haraka kwa kitu cha bure

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Natengeneza majiko ya taasisi hapa Kizota, Dodoma. Hili jipya linachoma maganda ya alizeti, yale yanayorundikana nyuma ya mashine za kukamua mafuta kuanzia Kibaigwa hadi Singida. Tangu serikali iagize taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, simu za wakuu wa shule hazikatiki. Nina mshirika Uingereza, naye aliniambia wazi: hazungumzii leseni mpaka tuwe na maombi ya hataza kule, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi usiigwe, na ripoti ya upekuzi, ile inayoonyesha kama kitu cha namna hiyo kilishakuwepo, aione. Ndipo nikaenda kwa wakala mmoja wa hataza hapa mjini. Jina naliacha.

Sasa sikilizeni. Ofisi ya hataza ya Uingereza wana utaratibu wa kuharakisha maombi, unaitwa Green Channel, tangu Mei 2009. Mwombaji anaandika barua, anaeleza uvumbuzi wake unayasaidiaje mazingira na anataka hatua ipi iharakishwe: upekuzi, uchunguzi, uchapishaji, au zote. Hawadai vipimo vya maabara. Wanakataa pale tu maelezo yanapokuwa hayana msingi kabisa. Na ada ya ziada hakuna. HAKUNA.

Kwenye ankara yangu wakala kaandika "ada ya kuharakisha, ofisi ya Uingereza". Kama ni ujira wao wa kuandika barua, wangesema, ningelipa bila maneno. Kwa nini kuisingizia ofisi ya watu?

Nilipouliza, kijana wa mapokezi hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, haya mambo ya wazungu utayajulia wapi? Kwanza hilo ni jiko tu." Wateja wengine wamekaa pale, wanasikia. Jiko tu! Aende akasimame asubuhi moja na mama wapishi wa shule ya bweni, moshi wa kuni unawatoa machozi tangu alfajiri, halafu arudi aniambie jiko tu.

Haki yao niwape. Dada aliyeniandikia madai ya hataza, yale maneno yanayotaja hasa ni kitu gani kinalindwa, ni hodari kwelikweli. Alikaa na mchoro wangu, akauliza hewa inaingilia wapi na kwa nini matundu nimeyatoboa kwa mshazari, mpaka akaona mwenyewe kwamba uvumbuzi uko kwenye yale matundu, si kwenye chemba. Akanikataza kulionyesha jiko kwa mtu yeyote kabla maombi hayajapokelewa, maana likishaanikwa hadharani upya wake umekwisha, na hataza huipati. Na ripoti ya upekuzi ilikuja mapema mno, miezi michache tu. Siku ile nilifurahi hadi nikataka kuwapa nyota zote.

Lakini haraka ile ni ya Uingereza, si yao! Cha kwao ni ada ya uongo na ile dharau.

Kwa hiyo msiende pale. Au mkienda, ulizieni yule dada mwenyewe, na kila ada wanayosema ni ya nje, daini risiti ya ofisi ya huko kabla ya kutoa hata shilingi. Mimi yangu nimeidai na kuidai, jibu ni lilelile, bosi yuko Dar. Hela yangu irudi, na yule kijana aniombe radhi mbele za watu, kama alivyonidharau mbele za watu.