Grønligrotta, Mo i Rana: msiliponde eti halina stalaktiti

Wadau mnaoishi huku Skandinavia au mnaopanga kuja kutembea, hili pango la Grønligrotta kaskazini mwa Norway mimi nalipa nyota tano na nalitetea, maana kuna watu wanaliponda eti halina yale mawe ya kuning'inia kama Amboni kule Tanga. Jamani, huo uhaba wenyewe ndo habari!

Iko hivi, stalaktiti (hizo za kuning'inia) na stalagmiti (zinazoota toka sakafuni kwenda juu) zinajengwa na maji yenye chokaa yanayopenya toka juu tone kwa tone, sasa ardhi ikiganda hakuna tone linalopita na jiwe linaacha kukua kabisa. Pale ni karibu sana na Duara la Aktiki, barafu imeshafunika ile milima mara kibao, kwa hiyo hata kipande kidogo kilichoota mle ni ushahidi kwamba kuna wakati maji yalitiririka. Wataalamu wanapima urani na thoriamu ndani ya jiwe (urani hugeuka thoriamu polepole kwa kasi inayojulikana) wanajua umri wake, na Stein-Erik Lauritzen wa Chuo Kikuu cha Bergen na wenzake walitumia stalagmiti ya Søylegrotta, hukohuko Rana, kusoma joto la maelfu ya miaka iliyopita. Siberia nako, mwaka 2013 Anton Vaks na wenzake walionyesha kwamba kwenye pango la Ledyanaya Lenskaya, sehemu ambayo leo ardhi imeganda mwaka mzima, mawe yaliota kama miaka 400,000 iliyopita, wakati dunia ilikuwa na joto la digrii 1.5 hivi juu ya lile la kabla ya viwanda. Moja na nusu tu! Na ardhi ile ikiyeyuka inaachia kaboni iliyolala humo, hapo ndo roho inaniuma kwa sababu tunaelekea kulekule.

Huduma sasa. Unaingia na mwongozaji, taa za umeme zipo, mto unapita mlemle ndani unausikia kabla hujauona, kuta ni marumaru yenye mistari ya kijivu na nyeupe. Kuna jiwe kubwa la graniti limekwama kati ya kuta, lilisukumwa humo enzi za barafu, msilipite haraka. Dada aliyetuongoza nilipomuuliza habari za mawe ya matone alisimamisha kundi zima akamulika tochi kwenye utando mwembamba wa chokaa ukutani, mweupe, una maji yanang'aa, akaeleza kwa utulivu bila kutuharakisha. Kwa hilo tu hela yangu imekwenda kihalali.

Vaeni jaketi hata kama nje kuna jua, ndani ni baridi kweli, na viatu visivyoteleza. Wanaotaka kutambaa na kujibana waende Setergrotta jirani, huko unapewa ovaroli na helmeti. Na msiguse mawe, mafuta ya vidole yanayaharibu. Ziara ni za majira ya joto, cheki ratiba kabla hujafunga safari.