Mkanda wa kiwiko kwa fundi seremala: unasaidia, lakini hautibu

Mkanda ninaouzungumzia ni ule mwembamba wa kitambaa kizito, wenye kimto kigumu upande wa ndani na velkro ya kuufungia, unaouzwa katika maduka ya dawa mjini Kampala kwa watu wanaoumwa upande wa nje wa kiwiko. Wangu niliununua kwa shilingi 40,000, nikautumia katika karakana ya Ndeeba nikipiga randa mbao za mvule na kukaza skrubu kwa bisibisi, kazi ambazo huuchochea sana ugonjwa huu.

Ugonjwa wenyewe huitwa kiwiko cha tenisi, ila wengi wanaoupata hawajawahi kushika raketi. Kano inayounganisha misuli ya kuinua kiganja na mfupa wa kiwiko huchakaa kwa kukazwa mara nyingi kuliko inavyoweza kujirekebisha, ndiyo maana hata kuinua birika la chai au kukamua nguo huuma.

Ukifungwa inavyotakiwa, mkanda hupunguza mvuto unaofika kwenye kano, nami nilishika nyundo kwa nafuu kubwa. Lazima ukae vidole viwili hivi chini ya kiwiko, kimto kikiwa juu ya mnofu. Muuzaji alinifunga juu ya kiungo chenyewe, mahali ambapo haukusaidia lolote, na naona ni vibaya kumwuzia mgonjwa kifaa bila kumwelekeza. Vidole vikifa ganzi, ulegeze. Velkro nayo hujaa unga wa mbao hadi ikaacha kushika, ingawa mswaki mkavu huisafisha vizuri.

Kinachoimarisha kano, hata hivyo, ni mazoezi. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Iinue kwa kusaidiwa na mkono mwingine, kisha ishushe polepole. Nafuu huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na wengi hupona bila upasuaji. Sindano ya steroidi, yaani dawa kali ya kupunguza uvimbe, hutuliza upesi, lakini tafiti zimeonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliodungwa huwa na hali mbaya kuliko waliosubiri tu, kwa hiyo simshauri fundi yeyote aikimbilie.

Mkanda huu naupendekeza kwa saa za kazi tu, na uvuliwe wakati wa kulala. Aliyeanguka, aliyevimba kiungo au asiyeweza kukunjua mkono asiununue kabla ya kupimwa hospitalini.