Taarifa za Vimbunga za Réunion: Hodari kwa Upepo, Maji Yanahitaji Nafasi Zaidi

Kwa yeyote anayeishi, anayevua au anayesafirisha mizigo kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, huduma ya msingi ya kufuatilia vimbunga ni ile ya kituo cha kisiwa cha Réunion, kinachoendeshwa na Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, na kilichokabidhiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani jukumu la kuangalia eneo lote kuanzia pwani ya Afrika hadi longitudo ya nyuzi 90 mashariki. Taarifa zake hazilipiwi, nami nazipa alama ya juu, ingawa zina upungufu mmoja ambao msomaji asipoujua anaweza kudhani hatari imepita ilhali ndiyo kwanza inaanza.

Mfumo wa dhoruba ukishaanza kujisuka, kituo hutoa taarifa mpya kila baada ya saa 6, zikieleza kilipo kitovu, kasi ya upepo, mgandamizo wa hewa na njia inayotarajiwa kwa siku 5 zijazo. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana kwenye ramani, kwa sababu bahari hii haina ndege za kuingia mara kwa mara ndani ya kimbunga na kukipima, kama wanavyofanya Wamarekani katika Atlantiki. Watabiri husoma picha za setilaiti, hulinganisha umbo la mawingu na jicho la kimbunga kwa mbinu iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak, kisha hukadiria nguvu zake. Ninachokithamini zaidi ni maelezo yanayoambatana na namba hizo: mtabiri huandika wazi kwa nini anaamini njia hii na si ile, modeli zipi za kompyuta za utabiri zinapingana, na ni jambo gani, kama vile hewa kavu au tofauti ya upepo kati ya tabaka za juu na za chini, linaloweza kukidhoofisha kimbunga.

Mchoro wa njia nao si mstari mtupu. Umezungukwa na eneo linalopanuka kadiri siku zinavyosogea, na hilo ndilo la kutazama, kwani kitovu kinaweza kupita popote ndani yake. Kimbunga Chido, kilichoipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, kilikuwa na umbo dogo lililoshikana, na kwa kimbunga cha namna hiyo tofauti ya makumi machache ya kilomita inaweza kuamua kisiwa kipi kibomolewe na kipi kipone.

Namba za upepo huwachanganya wengi. Réunion hutumia wastani wa kasi ya upepo wa dakika 10, ilhali kituo cha majeshi ya Marekani kilichoko Hawaii, ambacho taarifa zake pia husambaa sana, hutumia wastani wa dakika 1, kwa hiyo kimbunga kilekile huonekana kikali zaidi katika taarifa za Wamarekani. Ni vyema kuchagua chanzo kimoja na kulinganisha siku kwa siku ndani ya chanzo hicho.

Upungufu nilioutaja umo katika madaraja ya nguvu za dhoruba. Mfumo huitwa dhoruba ya wastani upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga ukifika 118. Mvua haihesabiwi katika kipimo hicho, wala kufurika kwa bahari ufukweni. Mapema Machi 2019, mfumo uliokuja kuitwa Idai uliingia Msumbiji na Malawi ukiwa na upepo hafifu na bado hauna jina, na tayari mafuriko yake yalikuwa yakiua watu. Ulirudi baharini, ukapata nguvu katika Mlangobahari wa Msumbiji, ndipo ukaupiga mji wa Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14. Ushahidi mzito zaidi ni Freddy cha mwaka 2023, kilichoanzia karibu na Australia mwezi Februari, kikavuka bahari nzima, kikazipiga Madagaska na Msumbiji, kisha kikarudi tena Msumbiji tarehe 11 Machi. Maafa yake makubwa kuliko yote yalitokea Malawi, nchi isiyo na pwani ya bahari, ambako upepo ulikuwa umekwisha kupungua lakini mvua ya siku kadhaa iliporomosha miteremko ya milima juu ya makazi ya watu wa Blantyre. Maelezo ya kituo hutaja mvua na mawimbi, hilo nakiri. Hata hivyo daraja ndilo linalokumbukwa, na likishashuka ni rahisi mtu kurudi bondeni mapema mno. Ningependa sana kuona daraja la pili, la maji, likiwekwa kando ya lile la upepo kwa uzito uleule, hata mfumo ukiwa umeshaingia nchi kavu.

Taarifa hutolewa kwa Kifaransa na Kiingereza cha wataalamu, hivyo hazitoshi peke yake. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari zake kwa Kiswahili, na agizo la kuhama au kutoingia baharini hutoka kwa serikali ya nchi husika, wala si Réunion. Kwa manahodha na wavuvi ningependekeza zaidi taarifa ya kila siku ya msimu wa vimbunga, inayotaja uwezekano wa mfumo mpya kuzaliwa ndani ya siku 5: husomwa kwa dakika chache, na humwezesha mwenye chombo kupanga safari kabla dhoruba haijapewa hata jina.