Chakula cha paka wa ndani: kipi ununue Arusha na Moshi, na kipi uache

Paka wa mtaani pale Ngarenaro au Majengo anapewa ugali na dagaa na bado anang'aa manyoya, ndiyo maana majirani wanakushangaa ukipita na mfuko wa chakula cha paka. Wanachosahau ni kwamba yule paka hali ugali peke yake. Usiku anakamata panya, mchana mjusi, masika kumbikumbi, na humo ndimo anamopata nyama na sehemu kubwa ya maji yake. Paka anayefungiwa ndani Njiro au Shantytown, madirisha yana wavu na mlango haufunguliwi hovyo, hana pa kujazia. Kisichokuwemo kwenye bakuli lake hakipati popote.

Kwa hiyo nimepanga vyakula hivi kwa swali moja: akila hiki tu, mwaka hadi mwaka, kitamtosha? Bei nimeiweka nyuma ya swali hilo.

Namba moja: chakula kikavu kamili, na cha majimaji kidogo kila siku. Asubuhi punje, jioni nusu ya pakiti ndogo ya gramu 85, au pakiti nzima kama mfuko unaruhusu. Sababu ni maji. Punje zina maji takriban asilimia 10 tu, chakula cha kopo au pakiti kinakaribia 80. Paka kwa asili si mnywaji mzuri, na dume aliyehasiwa, mnene, anayeshinda amelala kwenye kochi ndiye anayeongoza kwa matatizo ya njia ya mkojo. Ukikosa pakiti, lowesha punje kwa maji ya uvuguvugu. Wengine watazila, wengine watakutazama kama umewatukana.

Kwenye mfuko tafuta mambo matatu. Kwanza, neno "complete", maana yake kinatosha kuwa mlo wa kila siku. Kikiandikwa "complementary" hicho ni kitoweo tu, na vipakiti vingi vya kuvutia vya tuna ni vya namna hiyo. Pili, protini: viwango vya Marekani vinataka isipungue asilimia 26 kwa paka mzima, maji yakiwa yameondolewa kwenye hesabu. Mimi nikiona chini ya 30 kwenye punje, narudisha rafuni. Usikitupe cha kopo kwa sababu kimeandikwa protini asilimia 10. Kikiwa na maji asilimia 80, ile 10 ni nusu ya kile kilichobaki. Tatu, taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama. Mwili wa paka hautengenezi ya kutosha, na akiikosa muda mrefu macho yanaharibika na misuli ya moyo inalegea. Uhusiano huo na moyo ulionyeshwa Marekani mwaka 1987, tena kwa paka waliokuwa wakila vyakula vya viwandani, na baada ya hapo watengenezaji wakaongeza kiwango. Mfuko usioitaja kabisa, uache.

Maandishi ya "indoor" ni nyongeza nzuri, si lazima. Royal Canin wana Indoor 27, na kwa kawaida vyakula vya aina hii hupunguzwa nguvu na kuongezwa nyuzinyuzi ili manyoya anayomeza akijilamba yapite. Whiskas ya kawaida iliyo kamili nayo inafaa, ukipima. Na hapo kwenye kupima ndipo wengi wanapoteleza: paka wa ndani wa kilo 4, aliyehasiwa, anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku, yaani gramu 50 hadi 60 za punje kama hali kingine. Ni kiganja, si bakuli. Peleka kikombe chako dukani kwa mwenye mizani akupimie gramu 50 mara moja, uweke alama kwa kalamu. Kwa kipimo hicho mfuko wa kilo 2 unavuka mwezi, na ukigawa bei yake kwa siku utakuta ule "wa ghali" mara nyingi haumzidi sana wa rahisi, kwa kuwa wa rahisi hujazwa nafaka na paka anaomba tena.

Namba mbili: punje kamili peke yake. Hii ndiyo ya watu wengi, na haina aibu. Weka bakuli mbili za maji sehemu tofauti, mbali na chakula na mbali na choo chake. Maji yawe yale unayokunywa wewe. Maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru maji yana madini ya floraidi kupita kiasi, tunayaona kwenye meno ya watoto, na sioni kwa nini paka apewe ya bomba wakati nyumba nzima inakunywa ya dumu.

Namba tatu: majimaji peke yake. Kwa afya kingeweza kuwa juu, lakini paka wa kilo 4 atamaliza pakiti kama tatu za gramu 85 kila siku. Piga hesabu ya mwezi. Halafu Moshi ya Februari haikisubiri: kikikaa saa mbili kwenye bakuli, toa. Arusha ya Julai inakuvumilia kidogo.

Namba nne: cha kupika nyumbani. Kama kitoweo mara mbili tatu kwa wiki, kizuri sana. Kama mlo pekee, kina mapengo. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na kitoto cha paka kinacholelewa hivyo mifupa yake hupinda na kuvunjika. Kwa mchinja kuku omba mioyo na firigisi. Moyo una taurini nyingi kuliko minofu myeupe. Chemsha bila chumvi, na ule mchuzi usiumwage, maana taurini huyeyukia humo. Vitunguu, vya maji na saumu, visiingie kabisa, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Maini kidogo tu, kwani vitamini A ikizidi kwa miezi shingo inakakamaa. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, toa yote, na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu vilevile umchambue miiba.

Namba tano: dagaa na ugali. Pale soko la Mbuyuni, Moshi, dagaa wa Mwanza wanapimwa kwa kisado, na ukichota kiganja ukakipuliza unaona mchanga ukidondoka, kwa sababu wengi huanikwa chini. Waloweke, wasuuze mara mbili, wachemshe, na wawe wachache juu ya chakula chake halisi. Dagaa ni mzuri kwa protini na kalsiamu, ila madini yake mengi hayamfai dume ambaye mkojo umeshamsumbua. Ugali unamshibisha, haumjengi.

Visivyopata namba ni viwili. Chakula cha mbwa, kwa kuwa mbwa hujitengenezea taurini yake na watengenezaji hawalazimiki kuiweka. Na punje za kupimiwa kutoka kwenye gunia lililo wazi. Ni rahisi, nakubali, lakini hujui lilifunguliwa lini wala tarehe ya mwisho, mafuta yamechacha, na unyevu ukiingia kwenye nafaka unakaribisha sumukuvu. Nunua mfuko uliofungwa hata ukiwa mdogo. Maziwa pia usiyahesabu kama chakula. Uchaggani yamejaa, lakini paka wengi wakubwa huyaharishia.

Kitoto chini ya miezi 12 anunuliwe cha watoto. Ukibadilisha chakula, changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, kipya kikipanda na cha zamani kikishuka. Usijaribu kumshindisha njaa ili "akizoee": paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula ini lake linaweza kujaa mafuta na kushindwa kazi. Akigoma siku nzima, mrudishie cha zamani. Akikataa na hicho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na dume anayeingia na kutoka kwenye choo chake, anajikamua na hakitoki kitu, huyo hasubiri kesho asubuhi.