Vyumba vya kujaribia nguo vya mabomba ya karatasi: tathmini baada ya miezi minane

Kwa miaka sita nilishona katika chumba kimoja cha kupanga karibu na Soko la Mbuyuni, Moshi, na kwa muda wote huo mteja aliyetaka kujaribu gauni alijisitiri nyuma ya khanga iliyofungwa kwenye kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango. Siku moja msumari uling'oka mbele ya watu waliokuwa wakisubiri, na mama mmoja wa makamo aliondoka na hakurudi tena. Mafundi wa aluminiamu na wa mbao niliowaendea walinitajia bei nisizozimudu, na zaidi ya hapo mwenye nyumba hakutaka ukuta wake utobolewe.

Aliyenionyesha njia ni mtoto wa dada yangu, anayesomea uchoraji wa majengo Arusha. "Mama mdogo," aliniambia, "hayo mabomba ya majora yanayotupwa madukani, Japani yamejengewa kanisa." Kisha akanieleza habari za Shigeru Ban, msanifu majengo wa Japani.

Ban alizaliwa Tokyo mwaka 1957, akasomea usanifu majengo nchini Marekani, kisha akafungua ofisi yake Tokyo mwaka 1985. Mwaka uliofuata alipewa kazi ya kupanga maonyesho ya kazi za Alvar Aalto, msanifu wa Finland. Mbao zingegharimu sana na zingebaki takataka baada ya maonyesho, kwa hiyo alitumia mabomba ya karatasi, akaona kwamba yana nguvu kuliko alivyodhani. Bomba la namna hiyo hutengenezwa kwa kuzungusha tabaka nyingi za karatasi zilizopakwa gundi, na likisimamishwa wima hubeba mzigo mkubwa. Udhaifu wake huonekana linapolazwa na kukandamizwa katikati, au linapopata unyevu. Aliendelea kulipima na kulijaribu kwa miaka kadhaa, hata mwaka 1993 mamlaka za Japani zikaridhia litumike kama nguzo ya jengo.

Kazi yake iliyonigusa zaidi ni ndogo kuliko zote. Baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011, maelfu ya Wajapani walilala katika kumbi za michezo, familia kando ya familia, bila mahali pa kubadilisha nguo wala pa mama kunyonyesha. Ban na wenzake waliwasimamishia fremu za mabomba ya karatasi, kila moja takriban mita 2 kwa mita 2, nguzo zikiwa na matundu ambamo mabomba membamba hupita na kuwa boriti, kisha mapazia ya pamba yakatundikwa juu yake. Haihitaji msumari, na watu wasio mafundi huweza kuisimamisha kwa dakika chache. Nilipoona picha zake nilijua kwamba hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta: staha ya mtu, ipatikane leo, bila kuugusa ukuta wa mwenye nyumba.

Seremala wa mtaani kwetu alinitengenezea vyumba viwili vilivyopakana. Nguzo sita ni mabomba manene ya mazulia ya plastiki yaliyokatwa kwa urefu wa mita 2, na boriti saba ni mabomba ya majora ya vitambaa, yote niliyopewa bure na wenye maduka. Nililipa shilingi 60,000 za ufundi na vanishi, na mapazia nilishona mwenyewe kwa vitenge. Upungufu wa kwanza ulikuwa katika matundu. Fundi alitoboa matundu ya boriti mbili kwa kimo kimoja kwenye nguzo ya pembeni, na kwa kuwa sehemu hiyo ilibakiwa na karatasi kidogo mno, nguzo ilichanika siku ya pili. Alipoirudia, alishusha tundu moja chini ya jingine kwa upana wa vidole vinne, na tangu hapo haijatikisika. Yeyote atakayeagiza kazi hii na alisimamie jambo hilo kabla ya keekee kushikwa.

Desemba ilikuwa mtihani wa kweli, kwa sababu Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na kila familia inataka sare za harusi, ubatizo na kipaimara kabla ya kupanda Marangu, Kibosho au Rombo. Wateja waliingia na kutoka tangu asubuhi hadi magharibi, na hakuna aliyelalamika kwamba alionekana. Wazee wawili walizigonga nguzo kwa vidole wakiuliza kama kweli ni karatasi.

Masika yalifichua upungufu wa pili. Maji ya kudekia na tope la miguu vililainisha nguzo kwa chini, vanishi au bila vanishi. Hapa tena Ban alikuwa ametangulia: katika nyumba za muda alizowajengea waathirika wa tetemeko la Kobe la mwaka 1995, kuta za mabomba zilisimama juu ya kreti za bia zilizotiwa mifuko ya mchanga, ili karatasi isiguse ardhi. Nilikata sehemu zilizolainika, nikaziweka nguzo ndani ya makopo ya rangi yenye mchanga mkavu, na tatizo likaisha. Mchwa na moto ni hatari zisizo na dawa rahisi. Ninakagua makopo kila Jumamosi, na pasi ya mkaa nimeihamishia upande wa pili wa chumba.

Ni haki pia kusema kwamba karatasi haifanyi kila kitu peke yake. Kanisa kuu la muda la Christchurch, New Zealand, alilolisanifu Ban, lililofunguliwa mwaka 2013 na kuchukua watu 700, limeimarishwa kwa mbao ndani ya mabomba yake. Hilo halimpunguzii Ban heshima machoni pangu. Kwa umri wangu ninaikumbuka kambi ya Benaco kule Ngara mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika na miti kukatwa hadi vilima vikabaki vitupu. Tatizo hilo hilo la miti kambini ndilo lililomfanya Ban aipelekee UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wazo la nguzo za karatasi, kwa kuwa nguzo za aluminiamu walizopewa wakimbizi ziliuzwa, na wao wakarudi kukata miti. Mtu aliyefikiria hivyo alistahili tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, aliyopewa mwaka 2014.

Kwa fundi cherehani, saluni au zahanati ndogo yenye chumba kimoja kilichoezekwa vizuri, ninaipendekeza kazi hii bila kusita. Kwa kibanda cha nje au sakafu ya udongo, siipendekezi. Mimi nimekwisha kuweka mabomba mengine matano nyuma ya mlango kwa ajili ya chumba cha tatu, na seremala ameahidi kukisimamisha kabla ya Novemba kwisha.