Maildir: mhasibu hana tena cha kulalamika

Nahudumia seva ya barua pepe ya ofisi ya watu 23 hapa Tanga. Zamani barua za kila mtu zilirundikwa ndani ya faili moja refu, mtindo wa mbox. Umeme ukakatika, na UPS, betri ya akiba, kumbe ilishakufa kimya kimya, faili la mhasibu likiwa linaandikwa. Giga moja na nusu. Nilikesha nikisaka mistari inayoanza na "From " nijue barua ipi inaishia wapi.

Ndipo nikahamia Maildir, mtindo aliobuni Daniel J. Bernstein kwa ajili ya qmail, programu ya seva ya barua pepe, miaka ya 1990. Kila mtumiaji ana saraka (folda) yake, kila barua faili lake. Ndani mna vijisaraka vitatu: tmp, new na cur. Barua huandikwa kwanza tmp. Ikishatua kwenye diski yote, ndipo huhamishiwa new kwa mkupuo. Hakuna nusu barua. Wala hakuna kufungiana faili, kwani kila moja ina jina lake la peke yake. Programu ya barua ikishaiona huenda cur, jina likiongezewa mkia: ":2,S" imesomwa, "R" imejibiwa. Mtu akiapa hajasoma barua ya bosi, nachungulia mkia tu. S ile pale!

Naitumia na Postfix, inayopokea na kupeleka barua, na Dovecot, inayowafungulia watumiaji masanduku yao. Kwenye Postfix ni mstari mmoja: home_mailbox = Maildir/. Huo mkwaju (/) wa mwisho usiusahau. Mimi niliusahau, nikatengenezewa faili moja liitwalo Maildir, yaani ile ile mbox niliyoikimbia. Saraka zenyewe nimezipa ruhusa 700, jirani asichungulie.

Kero ni bekapu. Mafaili madogo madogo kwa maelfu, rsync, programu ninayonakilia, inajikokota kama punda wa mkaa. Na flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT32 iliyakataa kabisa kwa sababu ya zile nukta mbili kwenye majina. Siku hizi nayafunga kwanza kwa tar yawe faili moja. Nyota moja naikata hapo, nyingine nne chukueni.

Juzi umeme ulikatika mara tatu kabla ya adhuhuri. Seva ilipowaka nilikuta vipande viwili vimebaki tmp. Barua zenyewe zilikuwa bado kwenye foleni ya Postfix. Zikaingia new nzima nzima kabla sijamaliza chai.